Hatua Zangu Ndani ya Kompyuta

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri, na msisome huku mnatafuna. Mimi nimesoma ngumbaru tu, jioni, kwenye darasa lisilo na madirisha, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya kupamba. Mnapenda kusema kompyuta ni mambo yenu. Nani kawaambia? Miaka ninayoisema hapa, ndani ya kompyuta ya ofisi ya kilimo kule Nachingwea kulikuwa na miguu yangu. Miguu yangu mimi, hii hii yenye magaga. Siku ilipotoka humo, miti zaidi ya mia mbili ilipotea njia, na kikundi chetu nusura kipotee nayo.

Nianze na miti. Mwishoni mwa miaka ya tisini mikorosho yetu ilikuwa inaliwa na ubwiri unga. Ua linachanua asubuhi, ukirudi baada ya siku chache limepakwa kitu kama majivu, na korosho hakuna. Lakini katikati ya mashamba palikuwa na mti mmoja mmoja usioguswa. Ofisi ikataka miti hiyo itambuliwe, iitwe miti mama, ili tukate vikonyo vyake, yaani vile vijiti vya ncha za matawi, tuvibebeshe kwenye miche michanga. Mche unakubali, unakua, unakuwa kama mama yake.

Akaletwa kijana wa kutoka Bukoba kuandika kila mti ulipo. Alikuja Malolo, kwetu, na utepe mrefu wa kupimia. Siku ya pili utepe ukanaswa kwenye mnyororo wa baiskeli yake, ukakatika, kikabaki kipande cha mita kumi. Kijana akakaa chini karibu alie.

"Mama," akaniambia, "nimekuona unatembea shambani unahesabu miche. Huwa unakosea?"

"Nimelea watoto tisa. Hakuna aliyewahi kulala nje nisijue."

"Basi miguu yako ndiyo utepe wangu."

"Miguu yangu si mali ya ofisi."

"Nitakubebea jembe kila siku mpaka nyumbani."

"Haya, simama. Tunaanzia wapi?"

Tukaanzia kwenye kichuguu. Kila shamba lilikuwa na mahali pake pa kuanzia: kichuguu, kisima, au kona ya shule. Mimi natembea kuelekea macheo au machweo, nahesabu kwa sauti, nikifika kwenye mti nasema namba, naye anaandika na kupigilia kibao cha bati kwenye shina. Malolo tulimaliza, tukaenda Chinongwe, mwisho Kilimarondo.

Kilimarondo sikuipenda. Mashamba ya kule yanapakana na pori, na siku tuliyofika tulikuta mavi ya tembo yanafuka moshi. Nilihesabu, sikuacha kuhesabu, lakini sikutembea kama mtu anayekwenda sokoni. Kijana alinifuata nyuma na kipande chake cha utepe, anacheka.

"Mama, huku umerefuka shubiri nzima!"

"Cheka. Tembo akitokea tutaona nani atarefuka."

Nikadhani ni utani, nikausahau.

Kazi ilipokwisha akanipeleka Nachingwea kunionyesha. Orodha yote aliiweka kwenye kompyuta, humo akaiita kanzidata. Akanieleza, nami nilimlazimisha anieleze mara tatu. Kanzidata yenyewe ilikuwa inajua kutunza tu. Ili ijue mambo ya mahali na umbali, ilifungiwa nyongeza, kipande kingine cha programu kinachotoka kwa mafundi wa mbali. Nyongeza hiyo ilijua mita basi. Ukiiambia themanini na nane, kwake ni mita themanini na nane. Yeye akaifungua, akaichokonoa ndani, akaifundisha hatua zangu.

"Kwa hiyo nikitembea, inanijua?"

"Inakujua, mama. Ukisema hatua, inageuza yenyewe kuwa mita."

Nilicheka mpaka mkuu wa ofisi akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Nimo ndani ya mashine yako, mwanangu. Usiizime ovyo."

Kijana alipata nafasi ya kusoma ng'ambo, akaondoka. Kabla ya kuondoka aliichoma orodha kwenye sidii, akaifungia kabatini iwe akiba. Kazi nzuri. Tukamwandikia barua mara mbili baadaye. Mpaka leo sijaona jibu.

Sasa vibao. Bati lile lilikuwa zuri, na watu wetu nawajua. Kabla ya masika mawili kupita, vibao vilikuwa vimeziba ndoo na kutengenezwa vibatari. Ofisi ikaja na akili mpya, ikapaka miti mama pete nyekundu ya rangi. Neno likasambaa kwamba mwenye mti wenye pete nyekundu ni mkulima bora, na atakuja kupigwa picha. Nisiwachoshe. Msimu uliofuata kila mkorosho kutoka Malolo hadi Chinongwe ulikuwa na pete nyekundu. Mtani wangu, mzee wa shamba la jirani, alipaka mpaka mpapai wake.

Nikamuuliza, "Na mpapai nao ni mti mama?"

"Mimi sibagui watoto," akanijibu.

Kwa hiyo ikabaki kompyuta peke yake kujua mti upi ni upi. Halafu radi ikapiga. Ilikuwa baada ya miaka ya elfu mbili kuingia, mvua za kwanza. Radi ilipita kwenye waya, ikaiua kompyuta ya ofisi palepale.

Hapa ndipo penye roho ya habari hii, sikilizeni. Kikundi chetu cha akina mama kilikuwa na viriba mia saba, ile mifuko ya nailoni yenye udongo, kila kimoja na mche wake wa korosho. Tulivimwagilia kwa ndoo za kichwani tangu kisima kikiwa na maji mpaka kikawa na tope. Mche wa kubebesha una siku zake: shina likifika unene wa penseli, bebesha. Likizidi, gumu, halikamati tena. Yetu ilikuwa imefika unene wa penseli. Tulikuwa na wiki mbili, tena nikihesabu kwa huruma. Na mimi ndiye niliyewaambia wale wanawake, "Mwageni maji, vikonyo nitavileta mimi." Wengine waliacha ufuta wao bila palizi kwa neno langu hilo. Tungekata vikonyo kwenye mti wowote tu wenye pete nyekundu, tungepanda ubwiri unga mia saba.

Ofisi ikapata kompyuta mpya, na fundi mpya, binti wa Njombe, mfupi, mkimya, anatembea haraka. Alitoa ile sidii kabatini, akairejesha orodha kwenye kanzidata mpya. Akaja Malolo kwa pikipiki ya ofisi na makaratasi yaliyochapwa, anameremeta.

"Bibi, imerudi yote! Miti yote, hakuna hata mmoja uliopungua. Na haikulalamika hata neno. Mkuu ameshaandika kazi imekamilika."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikasema, "Ngojeni. Mti wangu namba kumi na tisa uko wapi?"

Mti ule naujua kama mwanangu, nimeuzaa kwa mkono. Akasoma: kutoka kichuguuni, kuelekea macheo, mita themanini na nane. Alikuwa na utepe mpya. Tukaunyoosha, tukaupita mti wangu namba kumi na tisa, tukaendelea, tukaingia kwa mtani wangu, utepe ukaishia kwenye mlango wa choo chake.

Mtani alikuwa anatoka.

"Karibuni," akasema. "Mnakata vikonyo hapa?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Binti hakucheka. Alirudia kupima. Choo. Akapima tena. Choo. Macho yake yakaanza kulowa.

"Bibi, nakala haina kosa. Nimeikagua. Namba ni zile zile alizoandika yeye."

"Namba ngapi?"

"Themanini na nane."

Nikahisi kitu kinanipanda kutoka miguuni. Nawaambieni kweli, nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, lakini niliruka. Themanini na nane! Nilikuwa naikumbuka, nilikuwa nimeitamka kwa mdomo wangu mahali pale pale.

"Hizo si mita, mwanangu. Hizo ni hatua zangu!"

Hakuelewa. Nikamweleza habari ya utepe na baiskeli, na jinsi kijana alivyoichokonoa ile nyongeza. Akakaa chini kwenye majani makavu, akaweka mikono kichwani.

"Basi ndiyo hiyo. Sidii ina data, lakini haina nyongeza aliyoibadilisha. Mimi nimefunga nyongeza ya kawaida, ile inayotoka kwa mafundi. Jina ni lile lile, kwa hiyo kanzidata imeipokea bila maneno. Bibi, hili ni baya kuliko kukataa. Ingekataa ningejua."

"Mbona unashangaa?" nikamwambia. "Chukua korosho ya mti uliobebeshwa, uipande. Utapata mti?"

"Nitapata."

"Ule ule?"

Akaniangalia. "Hapana, bibi. Mbegu haichukui ubebeshaji."

"Basi mwenzako alihifadhi mbegu, kikonyo akakiacha kwenye mashine. Radi imekula kikonyo. Inuka, tukakitafute."

"Tukitafute kwa kutumia nini?"

"Kwa miguu, kwani una nini kingine?"

Wazo la kwanza lilikuwa lake: nitembee, apime hatua yangu. Nikatembea. Akaandika. Nikamwambia afute. Miguu ya sasa haikuwa miguu ya wakati ule. Goti langu la kushoto lilikuwa limekwishaanza ukorofi, na hatua imekatika. Tukisema kweli ya leo tutapata uongo wa zamani.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa mti haukuzeeka goti. Pima kutoka kichuguuni mpaka kwenye mti wangu."

Akapima. Mita hamsini na tano. Hatua zangu themanini na nane zilikuwa mita hamsini na tano! Akatoa kikokotoo chake kidogo, akabonyeza, akapaza sauti kama mtoto aliyeona mama anarudi kutoka sokoni: "Sentimita sitini na mbili na nusu!"

Huo ndio ulikuwa urefu wa hatua yangu, wakati nina magoti. Nilijisikia kama nimeonyeshwa picha yangu ya ujana.

"Usishangilie," nikasema, ingawa moyo wangu ulikuwa unacheza. "Mti mmoja si ushahidi. Hata mpapai wa mtani una pete."

Nilikuwa na mti mwingine ninaoujua, karibu na msikiti, hatua arobaini kutoka kisimani. Akabonyeza: lazima iwe mita ishirini na tano. Tukapima, ishirini na tano. Akina mama sasa walikuwa wanatufuata kundi zima, wengine na watoto mgongoni, wanaimba namba.

Lakini hiyo ilikuwa miti yangu, ninayoijua. Miti ya watu je? Tutajuaje tumesimama penyewe? Hapo nikakumbuka misumari. Watu walibandua bati, lakini nani angehangaika na msumari? Mti ulikuwa umeumeza. Tukaingia shamba la mtani kutafuta mti namba ishirini na tatu. Hesabu ikatupeleka kwenye mkorosho mmoja mnyonge, uliopinda, ambao hata yeye alikuwa amesahau kuupaka rangi. Nikaweka kiganja kwenye shina, nikapapasa taratibu. Usawa wa kifua pana kinundu. Nikachokoa gamba kwa ncha ya panga. Kutu. Kichwa cha msumari!

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Mtani anasema niliita jina la mama yangu.

"Na huu mkubwa wa kwangu?" akauliza, anaonyesha mti wake mnene wenye pete nyekundu mbili.

"Una msumari?"

"Nitaupigilia kesho."

Binti alirudi Nachingwea siku ile ile, akaifungua nyongeza, akaifundisha hatua yangu. Baada ya siku mbili akarudi na makaratasi mapya. Tukapita Malolo, msumari upo. Tukapita Chinongwe, mlima kwa bonde, msumari upo, msumari upo. Kila tukigusa, kelele. Tukakata vikonyo, tukavifunga kwenye kitambaa kibichi, tukaanza kubebesha. Siku tisa zilikuwa zimebaki.

Lakini vikonyo havikutosha viriba vyote, na miti mama mingi ilikuwa Kilimarondo. Tukaenda kwa gari la ofisi. Mti wa kwanza: hatua mia moja kutoka kwenye kisima. Karatasi ikasema mita sitini na mbili na nusu. Tukapima. Pale hapakuwa na mkorosho kabisa, palikuwa na kisiki cha mninga. Mti wa pili, patupu. Wa tatu, tukapata mkorosho, nikapapasa shina lote mpaka kucha zikavunjika, hakuna msumari.

Binti akanyong'onyea. "Labda Kilimarondo aliandika vibaya."

"Niliyehesabu ni mimi," nikamwambia kwa ukali, maana nilikuwa nimeanza kuogopa. Niliwaona akilini wale wanawake, na viriba vyao, na ufuta wao uliomezwa na majani.

Nikatembea peke yangu mpaka ukingo wa shamba, nikatazama pori. Pale chini palikuwa na mavi ya tembo, makavu, ya zamani. Nikayatazama. Nayo ndiyo yaliyonikumbusha.

"Shubiri!" nikapiga kelele. "Njoo na utepe wako! Huku nilitembea kwa woga, nilirefuka shubiri nzima. Kijana alisema! Nikadhani ananitania, kumbe alikuwa anapima!"

Nikakunjua mkono, kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole kidogo. Akapima: sentimita kumi na saba na nusu. Mkono haukuwa na goti, mkono ulikuwa ule ule. Akajumlisha na sitini na mbili na nusu. "Themanini kamili," akanong'ona. "Hatua mia moja ni mita themanini."

Tulikimbia na utepe ule, mimi na goti langu. Mita ya themanini ilituangusha chini ya mkorosho mpana, majani yake safi, haujui ubwiri unga ni nini. Binti akaniachia nipapase mimi. Nilipapasa. Nikamwambia, "Lete mkono wako." Nikakiweka kidole chake juu ya ule msumari. Akalia, nikamwacha alie, sikumkemea.

Kwa hiyo nyongeza ya yule kijana ilikuwa na hatua zangu mbili, moja ya nyumbani na moja ya tembo, na binti akaziandika zote mbili, Kilimarondo peke yake na kwingine peke yake. Viriba mia saba tulimaliza kuvibebesha siku moja kabla shina halijakataa. Vilivyokamata vilikuwa vingi mno, na mikorosho hiyo ndiyo mnayoikwea leo bila kusema asante.

Baada ya hapo nilikwenda Nachingwea mwenyewe. Nikamwambia binti achome sidii mbili, kila moja iwe na orodha pamoja na ile nyongeza aliyoichokonoa, na karatasi inayoeleza alichokonoa nini na kwa nini.

"Tayari, bibi. Nimehifadhi."

"Mwenzako naye alisema amehifadhi. Rejesha, nikiona."

"Hapa hapa?"

"Siyo hapa, mashine hii inakujua. Twende kwenye ngeni."

Tukaenda mpaka Ruangwa, kwenye ofisi ambayo kompyuta yake haijawahi kusikia habari zangu. Akaifunga kanzidata upya, akaweka nyongeza kutoka kwenye sidii, akamwaga orodha. Watumishi wa pale walisimama nyuma yetu wanashangaa bibi wa shamba anakodolea kioo.

"Soma namba kumi na tisa," nikasema.

"Mita hamsini na tano, kuelekea macheo."

"Nisomee na ule wa Kilimarondo."

"Mita themanini."

Nilipiga makofi mara moja, nikaomba maji ya kunywa.

Sidii moja ikabaki ofisini. Ya pili nilikuja nayo nyumbani, pamoja na kamba niliyomwomba binti aikate: fundo moja kwa hatua ya nyumbani, fundo jingine kwa hatua ya tembo. Jioni hiyo niliwaita wote wa nyumba yangu, wanangu, wakwe na wajukuu, nikawasimamisha mbele ya sanduku la bati. Nikasema: "Sidii na kamba vinakaa humu, pamoja. Asivitenganishe mtu. Kila mwaka, siku tunayochagua mbegu, mmoja wenu ataipeleka sidii kwenye kompyuta ngeni, airejeshe yote, na asirudi hapa mpaka amesoma hamsini na tano na themanini kwa macho yake. Na atakayeanika nguo kwenye kamba yangu, atakula nje."